HISTORIA: Mamba mvuta sigara, na vitabu vya upuuzi vilivyotisha serikali

Tarehe 1 mwezi wa pili munamo mwaka 1928, Pravda, gazeti kubwa la chama huko Moscow, lilitoa makala juu ya mamba. Si mamba wa mtoni. Ni mamba wa kwenye kitabu cha watoto, yule anayetembea barabarani katika mji wa Petrograd akivuta sigara na kusema Kituruki. Makala iliandikwa na Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa elimu katika inchi ya Wasovieti. Mama huyo aliuliza mtoto atajifunza nini hapa. Angependa mtoto aelezwe mamba wa kweli anaishi namna gani. Badala yake, alisema, anapewa upuuzi mtupu. Akamaliza kwa kusema kwamba watoto wasipewe kitabu hicho, kwani ni uchafu wa mabepari.

Ndugu wasomaji, swali lile la "mtoto atajifunza nini?" mnalijua. Ni swali la kwanza linaloulizwa na baba, mama, mwalimu na hata mfadhili kutoka Ulaya, kila mara kitabu cha picha kinapofika mezani. Kama kitabu hakifundishi kunawa mikono, kuheshimu wakubwa au kupanda miti, basi pesa imepotea. Ndiyo maana nimeona vema kuleta historia ya mtu aliyeandika vitabu visivyofundisha kitu, na gharama aliyoilipa.

Jina lake ni Korney Chukovsky. Alizaliwa munamo 1882 huko Saint Petersburg. Mama yake alikuwa mkulima aliyefanya kazi za mikono, na baba yake, wa familia yenye mali, hakumuoa mama huyo. Mtoto alikulia Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi. Alifukuzwa masomoni kwa sababu ya asili yake ya chini. Akajifunza Kiingereza peke yake kwa kitabu. Munamo 1903 gazeti moja la Odessa lilimtuma London kama mwandishi wa habari. Hapo alikuwa maskini, lakini alipata kitu ambacho wenzake Warusi hawakukijua vizuri: maktaba ya British Museum, na ndani yake vitabu vya Waingereza vya kuchekesha watoto.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Waingereza walikuwa wameanza zamani. Edward Lear, aliyezaliwa munamo 1812, mtoto wa 20 kati ya watoto 21, alikuwa mchoraji wa ndege. Mheshimiwa mmoja, Lord Derby, alimwita kwenye nyumba yake karibu na Liverpool aje achore wanyama na ndege aliokuwa anafuga. Mchana Lear alikuwa anachora kasuku unyoya kwa unyoya, kazi ya sayansi. Lakini watoto wa nyumba hiyo aliwachorea vitu vingine: mzee ambaye ndevu zake zimegeuka kiota cha bundi na kuku, watu wenye pua ndefu ambazo ndege wanatua juu yake. Chini ya kila picha, aya fupi yenye vina. Munamo 1846 akavitoa kama kitabu, bila kuweka jina lake la kweli. Lear alikuwa na ugonjwa wa kifafa tangu utoto na alificha jambo hilo maisha yake yote. Kitabu chake hakikuwa na fundisho lolote mwishoni, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni. Vitabu vya watoto vya siku zile vilijaa watoto watukutu wanaoadhibiwa.

Basi Chukovsky alirudi kwao na mambo haya kichwani. Akawa mhakiki wa vitabu, mkali, wa kuogopwa. Munamo 1916 hivi alikuwa kwenye treni ya usiku pamoja na mtoto wake wa kiume, mgonjwa, analia. Baba hakuwa na dawa wala kitu cha kumtuliza. Akaanza kusema maneno yoyote yenye vina kufuatana na mlio wa magurudumu ya treni: paliondokea mamba, akatembea barabarani... Mtoto akanyamaza, akasikiliza, akalala. Baba alifikiri mambo yameishia hapo, lakini mtoto aliomba arudiliwe hadisi ile.

Munamo 1917 hadisi hiyo ilitoka katika gazeti la watoto, na michoro ya Re-Mi, mchoraji wa katuni. Mamba anameza mbwa, anameza polisi na viatu vyake. Watu wote wanakimbia, isipokuwa mtoto mmoja mdogo, Vanya, mwenye upanga wa kuchezea, ambaye anamlazimisha mamba kutapika alichokula. Mamba anarudi kwao Afrika, anawasimulia wanyama namna ndugu zao wanavyofungiwa katika vizimba vya mjini, na wanyama wanaondoka kuja kupigana. Mwishoni silaha zinatupwa, vizimba vinafunguliwa, na wanyama wanaishi mjini pamoja na watu. Mapinduzi yalipokwisha kushinda, Soviet ya Petrograd yenyewe ilikichapisha kitabu hiki munamo 1919. Wakati ule hakuna aliyeogopa mamba.

Miaka iliyofuata Chukovsky aliandika kama mtu aliyefunguliwa bomba. Munamo 1923 ilitoka hadisi ya beseni la kunawia linalomfukuza mtoto mchafu. Blanketi limekimbia, mto umekimbia, kila kitu kinamkataa. Mwaka huohuo ilitoka ya mende mwenye masharubu ambaye anatisha wanyama wote, tembo na vifaru pia, mpaka shomoro anakuja na kumdonoa mara moja tu. Ikafuata ya nzi aliyeokota pesa akanunua birika la chai, ya mti unaozaa viatu na soksi pahali pa matunda. Wachoraji wakubwa wa wakati ule, kama Annenkov, Dobuzhinsky na Konashevich, ndio waliochora. Watoto walivishika kichwani vitabu hivi kabla hawajajua kusoma, na wazazi waliosoma kwa sauti walichoka kurudilia.

Naomba tusimame kidogo kwenye beseni lile. Sisi wa mashariki mwa Kongo, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, wakati wa Ebola, tuliishi na ndoo za kunawia kwenye kila mlango, na mabango yenye picha za mikono na sabuni. Zilikuwa za lazima, na sitaki kuzicheka. Lakini nani kati yetu anakumbuka bango hata moja kwa furaha? Huko Urusi, miaka mia moja baadaye, kabati ya kunawia yenye sinki inaitwa bado kwa jina la beseni la Chukovsky, Moidodyr. Kitabu kile kinafundisha usafi, ndiyo, lakini mtoto hakipendi kwa sababu hiyo. Anakipenda kwa sababu beseni linakimbia.

Kwa nini mtoto mdogo anapenda upuuzi? Chukovsky hakuridhika na kuandika tu; alikusanya maneno ya watoto kwa miaka mingi na kuyaweka kwenye kitabu ambacho baadaye kiliitwa Kutoka miaka miwili mpaka mitano. Ndani yake anasimulia namna binti yake, ambaye alikuwa hajafika miaka miwili, alivyokuja siku moja na uso wa mtu mwenye siri, akamwambia baba kwamba mbwa analia kama paka. Kisha akacheka, akimwangalia baba kama anamwalika. Mara ya kwanza baba alifanya kile ambacho sisi wote tungefanya: alimsahihisha. Mtoto akaendelea kucheka. Ndipo baba akafahamu kwamba mtoto anajua vizuri sana mbwa analia namna gani. Ametoka kujifunza jambo hilo juzi tu, na sasa analigeuza juu chini ili ajionyeshe kwamba analimiliki. Anayecheka mambo ya kinyume ni yule anayejua mambo yalivyo. Asiyejua hacheki, anaamini tu.

Jaribuni nyumbani. Mwambieni mtoto wa Goma, wa miaka mitatu, kwamba leo asubuhi mbuzi alikuwa anaendesha chukudu amebeba viazi, na mwenye chukudu alikuwa amefungwa kamba anakula majani. Hatawauliza kama ni kweli. Atacheka, kisha atawaongezea: na kuku je? Hiyo "na kuku je?" kwangu ni kazi kubwa ya akili kuliko kurudilia a, e, i, o, u mara kumi.

Krupskaya hakuona hivyo, na hakuwa peke yake. Wasimamizi wa vitabu walikuwa wameanza mapema kutafuta siri za siasa ndani ya hadisi. Mmoja wao alidai kwamba mbu aliyemuokoa nzi ni mwana wa mfalme aliyejificha. Wengine walisema kwamba mamba ni Jenerali Kornilov, yule aliyejaribu kupindua serikali mwezi wa nane 1917, wakati hadisi ilianza kutoka mwanzoni mwa mwaka huo, kabla Kornilov hajafanya lolote. Mtu asiyeweza kucheka upuuzi hana budi kuutafutia maana, na akikosa, ataiweka mwenyewe.

Kisha ikaja makala ya 1928. Makala katika Pravda haikuwa maoni ya mtu mmoja. Ilikuwa kama amri. Maxim Gorky, mwandishi mkubwa aliyekuwa anaishi Italia, alituma barua ya kumtetea Chukovsky, na Pravda ikaitoa mwezi wa tatu. Haikutosha. Munamo 1929 wazazi wa masomo ya watoto wadogo ya Kremlin yenyewe, ni kusema wake na waume wa wakubwa wa inchi, walikutana wakapitisha azimio kwamba vitabu vya mtu huyu visisomewe watoto. Hadisi ilionekana hatari kwa jumla. Wanyama wanaosema, vitu vinavyotembea, yote hayo, walisema, yatamchanganya mtoto wa mfanyakazi. Apewe vitabu vya trakta na viwanda.

Mwisho wa 1929 Chukovsky alikubali kushindwa. Alitia sahihi barua katika gazeti la waandishi, akikana hadisi zake za zamani na kuahidi kitabu kipya juu ya furaha ya mashamba ya pamoja. Kitabu hicho hakukiandika kamwe. Aibu ya barua ile alibaki nayo mpaka uzee.

Mwaka huohuo wa 1929 alikuwa Alupka, kwenye pwani ya Crimea, penye nyumba za kutunzia watoto wagonjwa. Anasimulia kwamba aliwakuta watoto wanateseka kwa joto na makelele, akachukua kitabu cha Baron Munchausen, yule mwongo maarufu wa Kijerumani anayejivuta mwenyewe kutoka kwenye tope kwa kushika nywele zake. Watoto waliposikia mistari ya kwanza walianza kucheka. Ndipo akaja mama mmoja, mtaalamu wa malezi, akakataza kitabu kile kwa sababu kimejaa uongo. Alikuwa na haki: kimejaa uongo. Watoto walijua hivyo kumpita yeye, na ndicho kilichokuwa kinawachekesha.

Binti yake mdogo, Mura, yule anayetajwa kwa jina katika hadisi ya mti wa viatu, alipata kifua kikuu cha mifupa. Naye alipelekwa Alupka. Alikufa huko mwezi wa kumi na moja 1931, akiwa na miaka 11.

Wengine walipata mabaya zaidi. Daniil Kharms na Alexander Vvedensky, waandishi wa Leningrad waliokuwa wanaandikia magazeti ya watoto, walikamatwa mwezi wa kumi na mbili 1931, na hadisi zao za watoto zilikuwa sehemu ya mashtaka. Baadaye waliachiliwa, lakini vita ilipofika walikamatwa tena: Vvedensky alikufa njiani akisafirishwa kama mfungwa munamo 1941, Kharms alikufa gerezani mwanzoni mwa 1942. Mwenzao Nikolai Oleinikov alipigwa risasi munamo 1937. Mtu anaweza kusema kwamba serikali ile iliua watu wa kila namna, si waandishi wa upuuzi tu. Ni kweli. Lakini serikali inayotaka kila neno liwe na maana moja tu, ile iliyoamriwa, haiwezi kukaa nyumba moja na mtu anayewafundisha watoto kwamba maneno yanaweza kuchezewa.

Munamo 1933 chama kiligeuka, kikaamua kuunda nyumba ya uchapishaji ya watoto, na hadisi zikaruhusiwa polepole. Mamba akarudi sokoni. Chukovsky alipigwa tena gazetini munamo 1944, na hadisi yake ya mtu mdogo kama kidole ikasimamishwa munamo 1946. Hakufungwa. Hadisi ya mende mwenye masharubu iliendelea kuchapwa miaka yote ya Stalin, na wazazi waliposoma kwa sauti walipunguza sauti kidogo, ingawa iliandikwa kabla Stalin hajawa mkubwa.

Sasa, kuna jambo ambalo msomaji wa Kongo hawezi kuliruka, nami siliruki. Katika vitabu hivi Afrika ni nini? Ni inchi ya papa, gorila na mamba. Munamo 1925 Chukovsky alimtoa Barmaley, jambazi anayekula watoto, na hadisi inaanza kwa kuwaonya watoto wasije Afrika hata kidogo. Jina hilo alilipata akitembea na mchoraji Dobuzhinsky katika barabara moja ya Leningrad iitwayo Barmaleeva. Walijiuliza Barmaley ni nani, wakajibu wenyewe kwamba ni jambazi wa Afrika. Katika hadisi ya daktari wa wanyama, Aibolit, kuna wagonjwa wanaosema wanaishi Zanzibar, Kalahari, Sahara, na juu ya mlima wa Fernando Po, karibu na Limpopo pana. Fernando Po ni kisiwa. Kutoka hapo mpaka Limpopo ni safari ya kuvuka nusu ya bara. Mwandishi hakuwahi kukanyaga Afrika. Alichukua majina kwa sababu ya mlio wake.

Mimi nikisoma hayo nacheka, halafu nanyamaza. Nacheka kwa sababu ni upuuzi wa wazi: hakuna Mrusi anayeweza kutengeneza ramani kwa kitabu hicho. Nanyamaza kwa sababu Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow, kilichopewa jina la Patrice Lumumba munamo 1961, kilipokea wanafunzi Waafrika katika mji ambamo karibu kila mtoto alikuwa amesikia habari za Barmaley kabla ya kuona Mwafrika. Hata hivyo naona tofauti na Tintin, yule mwandishi wa habari wa Kibelgiji aliyeletwa Kongo katika gazeti la watoto la Brussels munamo 1930. Afrika ya Chukovsky haimo duniani, na jambazi wake ana masharubu ya hadisi za maharamia. Kongo ya Tintin ilikuwa koloni ya kweli, na watu waliochorwa kama wajinga walikuwa babu zetu. Mkongomani mmoja alifungua mashtaka Brussels munamo 2007 ili kitabu kile kisimamishwe. Mahakama ilimkatalia munamo 2012. Upuuzi unaogeuza dunia juu chini ni mchezo. Ule unaoiacha dunia kama ilivyo, mkubwa juu na mdogo chini, na kuomba tucheke, sioni kama ni upuuzi hata kidogo. Ni propaganda yenye rangi nzuri.

Na sisi je? Upuuzi tunao tangu zamani. Kasai wanaye Kabuluku, swala mdogo anayemdanganya chui; sehemu nyingine sungura ndiye mwenye kazi hiyo. Usiku, bibi akisimulia namna mnyama asiye na nguvu alivyomfanya fisi kuwa punda wake, hakuna mzee anayesimama kuuliza wizara itasema nini. Swali linaanza pale hadisi inapoingia kwenye karatasi. Nafikiri ni kwa sababu karatasi kwetu ilikuja na misioni na masomo: katekisimu, vitabu vya nyimbo, vitabu vya kujifunzia silabi. Tena karatasi ni bei. Mzazi anayetoa pesa anataka kuona faida, na faida ya kicheko haionekani kwenye ripoti ya masomo. Wachoraji tunao, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, anajulikana mpaka Ulaya. Lakini kitabu cha picha cha Kiswahili, cha mtoto wa miaka mitatu, ambamo mambo ni ya kinyume toka mwanzo mpaka mwisho, bila mwalimu kutokea kwenye ukurasa wa mwisho, mkikipata sokoni niandikieni.

Wamarekani pia walifika hapa kwa njia yao. Munamo 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika gazeti la Life kwamba watoto hawajui kusoma kwa sababu vitabu vya darasani vinachosha. Mchapishaji mmoja akampa Theodor Geisel, aitwaye Dr. Seuss, orodha ya maneno mepesi na kumuomba kitabu ambacho mtoto hataweza kukiweka chini. Kilitoka munamo 1957, maneno 236 tu tofauti, juu ya paka mwenye kofia anayeharibu nyumba wakati mama hayupo. Watoto walijifunza kusoma ili wajue paka atafanya nini.

Mwaka huohuo wa 1957 Chukovsky, mzee wa miaka 75, alifungua maktaba ya watoto aliyoijenga kwa pesa zake kijijini Peredelkino, karibu na Moscow. Kila mwaka aliwawashia watoto moto mkubwa wa kukaribisha na kuaga majira ya joto. Kiingilio kilikuwa matunda kumi makavu ya msonobari, ya kutupa motoni. Alikufa tarehe 28 mwezi wa kumi 1969. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na penye ua kuna mti ambao umetundikwa viatu vya watoto kwenye matawi yote.